Vali ya Moyo na Mama Anayetaka Kuzaa

Leo tunazungumza nawe uliyeambiwa kwamba vali ya moyo wako ni lazima ibadilishwe, na bado unatamani kupata mtoto.

Vali ni vilango vidogo ndani ya moyo. Hufunguka damu ipite, kisha hujifunga isirudi nyuma. Hapa Kenya, wengi walioharibika vali walianza na maumivu ya koo utotoni yasiyotibiwa. Yakaleta homa ya baridi yabisi, nayo ikaacha makovu moyoni.

Kwanza, muulize daktari kama vali yako inaweza kurekebishwa bila kutolewa. Isipowezekana, kuna aina mbili za kuchagua.

Ya kwanza ni vali ya chuma na kaboni. Hii hudumu miaka mingi. Lakini damu huganda juu yake kwa urahisi, kwa hivyo utameza wafarini kila siku maisha yako yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa hii humfikia mtoto tumboni. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kudhuru pua na mifupa yake. Pia inaweza kuharibu mimba. Hatari huwa kubwa zaidi kipimo kikipita miligramu 5 kwa siku. Kuna sindano za heparini zisizomfikia mtoto, lakini hazilindi vali vizuri kama wafarini.

Ya pili ni vali itokanayo na ng'ombe au nguruwe. Ikiwa dini yako inakataza nguruwe, uliza ya ng'ombe. Kwa kawaida vali hii haihitaji wafarini ya maisha, hivyo mimba huwa na hatari chache. Ubaya wake ni kwamba huchakaa, na kwa vijana huchakaa upesi. Huenda ukahitaji operesheni nyingine baada ya miaka 10 hadi 15, au hata mapema.

Kwa hivyo mama, sema mapema kwamba unataka kuzaa. Jiulize pia: kituo cha kupima damu kiko karibu? Nitaweza kugharamia operesheni ya pili? Zungumza na mumeo na daktari kabla ya siku ya operesheni.

Je, tayari una vali ya chuma na umekosa hedhi? Usiache dawa kwa uamuzi wako. Vali ikizibwa na damu iliyoganda, unaweza kupoteza maisha. Nenda hospitalini mara moja, daktari akupangie dawa. Usijifungulie nyumbani.

Kama bado hujawa tayari kushika mimba, tumia mpango wa uzazi. Mweleze muuguzi kuhusu moyo wako, kwani vidonge vyenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu.

Na wewe mlezi, mtoto akilalamika koo, mpeleke kliniki. Huenda ukauokoa moyo wake.