Kura Tatu za Tabora na Ubishi wa Mwanza

Januari 1958, TANU ilipokutana Tabora kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, Mwanza haikuwa na tawi halali la chama. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeipiga marufuku TANU Usukuma karibu tangu izaliwe. Mtu wa mtaa wa Mirongo, mjini Mwanza, aliyetaka siasa aliikuta kwenye ushirika wa pamba wa akina Paul Bomani, penye mizani. Mkulima akishaona ratili zake zinapunjwa, hahitaji hotuba.

Masharti ya uchaguzi ule yaliudhi. Mpigakura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. Halafu achague watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Zuberi Mtemvu na wenzake ndani ya TANU wakagoma. Vipi Waafrika mamilioni walingane viti na Wazungu elfu ishirini hivi?

Nyerere alijibu kwa hesabu. TANU ikisusa, viti vinakwenda UTP, chama kilichobebwa na Gavana Twining. Ikiingia, yenyewe ndiyo itakayoamua Mwasia yupi na Mzungu yupi apite. Hoja yake ikashinda. Mtemvu akatoka, akaanzisha chama chake, ANC.

Simulizi nyingi humwacha hapo, mkaidi aliyeshindwa kuona mbali. Naona anaonewa, na ushahidi uko huku ziwani. Katikati ya mwaka uleule, watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya lenye viti vya Wazungu na Waasia. Wakavuka maji kuja Mwanza, wakapiga kambi mjini wakitaka kusikilizwa, hadi polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Kilichokataliwa Geita ni kilekile TANU ilichokuwa imekimeza Tabora. Watu hao hawakuhitaji Mtemvu awafundishe uchungu.

Hata hivyo, kwa hesabu Nyerere alipatia. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na UTP ikafutika. Wakapita marafiki wa TANU kama Derek Bryceson, Sophia Mustafa na Amir Jamal. Yaani ule mtego wa rangi ukawanasa walioutega.

Ubishi wenyewe haukuisha. Oktoba 1961, wabunge wa TANU waliotaka uraia uwe wa Waafrika kwanza walimkasirisha Nyerere hadi akatishia kwamba serikali yake itajiuzulu. Mwaka uliofuata Mtemvu alisimama dhidi yake kuwania urais. Nyerere akazoa zaidi ya asilimia 98 ya kura. Aliyetaka kubishana sasa ilibidi abishane ndani ya chama.

Mwaka 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Wakubwa wa chama hawakutegemea mshtuko. Mwanza ikamwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha, yuleyule wa ushirika wa pamba, wakati malalamiko ya wakulima juu ya vyama vya ushirika yakiwa yameshapamba moto. Nyerere akamteua kuwa mbunge na kumrudisha kwenye Baraza la Mawaziri.