Mshauri wa Ajira na Malezi Yake

Kijana wa Likasi, mji wa migodi nchini Kongo (DRC), aingiapo katika ofisi ya ajira, bahasha ya vyeti kwapani, hudhani kwamba atakayempokea ni serikali. Kumbe ampokeaye ni binadamu mwenye wazazi, mtaa na makovu yake, na aghalabu hayo ndiyo yaamuayo nasaha atakayopewa.

Wako waliolelewa katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière, au za Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi mwaka 1967, ambako nyumba, shule, hospitali na hata mgao wa unga wa mahindi vilitoka kwa kampuni, na mtoto wa kiume alitarajiwa kuzishika zana za babake. Kwa mtu wa malezi hayo, kazi ni ile yenye mkataba, na kijana achimbaye shaba kwa sururu huhesabiwa kuwa hana kazi. Lakini mnamo 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliagwa katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Na mwana wa mmoja wao, akikikalia leo kiti cha mshauri, huenda akamwelekeza kijana yuleyule kwenye biashara ndogo, kwa kuwa nyumbani kwao ahadi ya kampuni ilivunjika. Wote wawili wana nia njema.

Michael Lipsky, mwanachuoni wa Marekani, alibainisha mwaka 1980 kwamba watumishi waonanao na raia ana kwa ana ndio hasa waitungao sera ya serikali, maana kanuni haziwezi kutaja kila hali, na zinapokoma huingia rai ya mtu.

Mjini Likasi jambo hili, la rai ya mtu kuamua, lina uzito wa pekee. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, eneo jingine la Kongo, walifukuzwa majumbani mwao, na maelfu wakapiga kambi kwenye stesheni ya reli kwa miezi mingi wakingoja treni. Karatasi nyingi nchini zingali zikiuliza jimbo la asili. Mshauri asomapo mstari huo, hata asipokusudia ubaya, hukumbuka mambo ambayo kijana wa miaka ishirini hakuyashuhudia kabisa.

Sisemi malezi ya mshauri ni ila tupu, kwani aliyewahi kukosa kazi huyajua maswali yasiyomjia mwingine. Nawasihi wakuu wa ofisi hizi waagize kila nasaha iandikwe pamoja na sababu zake, faili isomwe na mshauri wa pili mwenye malezi mengine, na ule mstari wa jimbo la asili ufutwe katika karatasi zote za kutafutia kazi.