Binti Akifika Saudi Arabia, Achague Laini Gani ya Simu?



Siku hizi karibu kila kikundi tunachotembelea kina mwanachama aliye na kijana, mara nyingi binti, anayefanya kazi Saudi Arabia au nchi nyingine za Ghuba. Vikundi vingine vimemkopesha mzazi pesa za pasipoti, nauli ya Nairobi na gharama ya kupimwa hospitalini. Kwa hiyo mambo ya huyo binti si ya mama yake peke yake. Ni ya kikundi chote.

Tulikutana na mama mmoja aliyekaa wiki sita bila kusikia sauti ya binti yake. Kila akipiga, hapatikani. Majirani walianza kunong'ona, na kikundi kikaanza kuchanga pesa za kumtafuta. Kumbe binti alikuwa mzima. Laini aliyopewa alipofika ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, na huyo mtu akaifunga. Binti akangoja mpaka siku aliyoruhusiwa kutoka ndipo akapata nyingine.

Tangu hapo tumeona tuzungumzie jambo hili waziwazi. Watu wengi huenda wakiwa wameuliza juu ya mshahara na chakula, lakini juu ya simu hawaulizi chochote.

Kwanza: laini iwe kwa jina lake mwenyewe

Saudi Arabia hununui laini kama mkate. Tangu mwaka 2016, anayeandikisha laini ni lazima atoe alama za vidole. Mgeni hutumia pasipoti yake, na baadaye akipata iqama, yaani kitambulisho cha ukaazi, laini inafungamana nacho. Basi akipata iqama arudi dukani ahakikishe kwamba usajili umefuata kitambulisho kipya.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu namba ya simu kule ni kama ufunguo wa nyumba. Absher, mtambo wa serikali ambao mtu huangalia mambo ya iqama yake, hutuma namba za siri kwa simu. Benki nazo hufanya vivyo hivyo. Tena tangu tarehe 1 Julai 2024 serikali ya huko ilianza kutaka mishahara ya wafanyakazi wa nyumbani ipitie benki au pochi za simu zilizokubaliwa, ikianza na mikataba mipya. Laini ikiwa kwa jina la wakala au la mwajiri, ujumbe wa mshahara unaweza kuingia mfukoni mwa mtu mwingine.

Mwajiri akimpa simu ya kazi au waifai ya nyumba, ashukuru na aitumie. Hata hivyo awe na laini yake. Na dukani awe macho: wakimwambia aweke kidole mara ya pili, aulize ni kwa nini. Kuna watu wameandikishiwa laini mbili, wakatumia moja, na ya pili ikabaki mikononi mwa mwenye duka.

Pili: aanze kwa kulipa kwanza

Kuna njia mbili za kulipa. Ya kwanza ni kulipa kwanza ndipo utumie, kama vile sisi tunavyonunua kredo hapa. Ya pili ni kutumia kwanza na kuletewa bili mwisho wa mwezi, kwa mkataba ambao huenda ukakufunga mwaka mzima au zaidi. Hii ya pili huja na maneno matamu, pengine hata na simu mpya.

Shauri letu: miezi mitatu ya kwanza alipe kwanza. Mgeni hajui kama atabaki katika nyumba ile au atahamishwa mji mwingine. Bili isiyolipwa ni deni, na deni katika nchi ya watu linaweza kumletea taabu anapotaka kurudi nyumbani.

Kampuni kubwa zenye minara yao ni STC, Mobily na Zain. Nyingine, kama Lebara na Virgin Mobile, hupitia minara ya hizo kubwa. Hatumwambii mtu achague ipi. Awaulize wale wanaokaa mtaa ule: hapa ndani ya nyumba, ni mtandao gani unashika? Bei nafuu bila mtandao ni hasara tu.

Tatu: apige hesabu

Tuchukue mfano. Bei hizi tumeziweka ili tujifunze tu, zile za kweli aziulize dukani. Binti analipwa riyali 1,000 kwa mwezi. Kuna kifurushi cha riyali 100 chenye intaneti nyingi, na kingine cha riyali 50 chenye intaneti kidogo. Vyote ni vya siku 28.

Hapo ndipo watu hupotea. Siku 28 si mwezi. Kwa mwaka utanunua mara 13, wala si 12. Kifurushi kikubwa kitakula riyali 1,300, kile kidogo 650. Tofauti ni riyali 650. Tukihesabu riyali moja kuwa karibu shilingi 34, hizo ni shilingi 22,100. Hapa kwetu hizo ni mbuzi wawili wazuri, au mkopo wa kikundi uliopunguzwa.

Ikiwa nyumba ina waifai, kifurushi kikubwa ni cha nini? Ikiwa haina, na watoto aliowaacha wanataka kumwona usoni, basi kidogo hakitatosha, kwa maana simu ya picha hula intaneti haraka. Ujumbe wa sauti hula kidogo sana. Mwezi wa kwanza aangalie ametumia kiasi gani, ndipo aamue.

Aulize pia kama bei iliyoandikwa imeshatiwa kodi, kwa sababu tangu Julai 2020 kodi ya mauzo kule ni asilimia 15. Na kifurushi kikisema kina dakika za ng'ambo, aulize: Kenya imo? Mara nyingi dakika hizo ni za nchi fulani tu.

Wale wanaokwenda Falme za Kiarabu wajue jambo lingine. Kule simu za WhatsApp, za sauti na za picha, zimezuiwa kwa miaka mingi. Ujumbe unapita, lakini kupiga ni kwa programu zilizokubaliwa na serikali. Asilipie intaneti nyingi akitumaini kupiga kwa WhatsApp.

Nne: laini ya Kenya asiitupe

Kwenye laini yake ya hapa kuna M-PESA, pengine akiba au mkopo. Tena WhatsApp yake inaweza kuendelea na namba ile ya Kenya hata kama intaneti ni ya laini mpya. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaweza kuifunga na namba ikapewa mtu mwingine. Kabla ya kuondoka aulize muda huo ni miezi mingapi, na awe akiitumia kidogo.

Simu ya laini mbili inafaa hapa. Lakini azime intaneti ya laini ya Kenya akiwa kule, na asiitumie kwa maongezi ya kila siku. Ikiwa ugenini inaweza kumtoza hata anapopokea. Na asimwachie ndugu laini pamoja na namba ya siri. Mapenzi ya ndugu ni mazuri, lakini namba ya siri ni ya mtu mmoja.

Tano: mapatano kabla ya safari

Mkataba kabla ya kutiwa sahihi uonyeshe kwamba ana ruhusa ya kuwa na simu. Aandike kwa karatasi namba ya mzazi, ya mwenyekiti wa kikundi na ya Ubalozi wa Kenya mjini Riyadh. Za Kenya zianze na +254, na ile sifuri ya mbele iondolewe. Karatasi hiyo aishone ndani ya nguo au begi, maana simu huibwa na huharibika.

Halafu mpatane siku na saa ya kupigiana. Saa za Riyadh na za Nairobi ni sawa, kwa hiyo saa mbili usiku kwetu ni saa mbili usiku kwao. Mkisema kila Ijumaa, mjue pia mtafanya nini Ijumaa mbili zikipita kimya: nani atapiga simu, kwa nani. Yule mama wa wiki sita hakuwa na mpango huo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni wanachama wangapi wana jamaa ng'ambo? Laini zao ni kwa jina la nani?
2. Kikundi kina namba zao kwa daftari?
3. Kabla ya kutoa mkopo wa safari, je, tuombe kwanza kuona mkataba na mpango wa simu?