Fahamu: Kwa nini gari la gesi huwaka kwa petroli kwanza

Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inafua umeme Dar es Salaam. Siku hizi inaendesha na magari. Lakini mengi ya magari hayo, yaliyofungwa mitungi baadaye, bado huwashwa kwa petroli.

Ukifungua swichi, pampu iliyo ndani ya tangi hunguruma sekunde mbili hivi ikijaza mgandamizo kwenye bomba, kisha hunyamaza. (Fundi mzuri hutega sikio hapo kabla ya kufungua boneti.) Ukizungusha ufunguo zaidi, stata huzungusha injini. Sensa ya krenki ndiyo inayoiambia kontrol boksi pistoni zimefika wapi. Isipopata habari hiyo, mara nyingi hairushi petroli wala cheche, hata betri iwe mpya. Ikiipata, hufungua nozeli kwa milisekunde chache, hukata umeme wa koili, na plagi hutoa cheche pistoni ikikaribia juu.

Gesi husubiri. Mtungini hukaa kwa mgandamizo wa baa 200 hivi, na rejuleta inapoushusha, gesi hupoa ghafla, kiasi cha kuweza kuigandisha rejuleta hiyo. Kwa hiyo hupashwa moto na maji ya injini. Yakifika takriban nyuzi 40, kontrol boksi ya pili, ya mfumo wa gesi, hubadili mafuta yenyewe. Dereva anayefikiria kufunga mtungi asiache tangi likauke, kwani pampu nayo hupozwa na petroli hiyohiyo.