Kompyuta Moja, Watu Wawili

Nyumbani kwenu mnagombania nini? Hela? Simu zinazoita usiku? Sisi, Jumamosi moja hapa Kilosa mjini, nusura tugombane kwa sababu ya flashi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mume wangu anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii kule Mikumi, nyumbani anarudi wikiendi. Kompyuta tunayo moja tu, mpakato ya mtumba. Mimi naandalia mitihani, yeye anachezea gemu la mpira. Siku hiyo aliingia, hata chai hajaonja, akatoa flashi mfukoni.

"Mke wangu, leo Windows inahama humu ndani."

Sababu alikuwa nayo. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yetu ni ya zamani mno kupokea Windows 11. Kununua nyingine? Hela hiyo ni ya mabati ya nyumba yetu. Linux, mfumo alioanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Finland, unaupakua na kuutumia bila kulipia leseni.

"Sawa baba," nikamwambia, "na picha za mama?"

Akanyamaza.

Msomaji wangu, Mto Mkondoa ulipofurika hapa Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, albamu ya familia yetu ilikwenda na maji. Picha chache za marehemu mama zilizokuwa kwa ndugu niliziskani, na nakala yake pekee ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo. Mwenzangu alikuwa tayari kuifuta diski nzima. Nia yake ilikuwa njema, ila hakuniuliza.

Jaribuni kwanza

Basi tukaanza upya, safari hii tumekaa wawili. Kwanza tulinakili kila kitu kwenye diski ya nje. Pili, tuliwasha Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Wengi hawajui kwamba hilo linawezekana: unachomeka flashi, unawasha kompyuta, unachagua ianzie hapo, na unaona kila kitu kabla diski yako haijaguswa. Ukizima na kuchomoa, Windows yako ipo palepale.

Sisi tulichagua Linux Mint, ile nyepesi iitwayo Xfce. Inaweza kukaa kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo raha. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo jipange na bando.

Vifaa vitakubali?

Sauti, kamera na kioo vilikubali hapohapo. Waifai ikagoma! Kompyuta nyingi za zamani zina kadi ya waifai ya Broadcom, ambayo mara nyingi hudai programu yake ya ziada. Utaipakuaje bila intaneti? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, umemaliza. Kadi za picha za Intel na AMD kwa kawaida hazisumbui; za Nvidia huhitaji programu yake ili zifanye kazi vizuri. Printa nazo zijaribu mapema, maana nyingi za HP hukubali, lakini si kila printa.

Kwa kazi zangu natumia LibreOffice. Inafungua mafaili ya Word, ila majedwali wakati mwingine yanahama. Mtihani naugeuza PDF kabla sijaupeleka steshenari. Na vile virusi vya flashi tunavyovizoa huko, vingi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwenye Linux havifui dafu kirahisi. Usibweteke lakini, tahadhari ni ileile.

Na gemu je?

Hapa mume wangu alijikuna kichwa. Tangu mwaka 2018 kampuni ya Valve imetoa Proton, programu inayowezesha gemu nyingi za Windows kuchezwa kwenye Linux kupitia Steam. Hata mashine yao ya mkononi, Steam Deck ya mwaka 2022, inatumia Linux. Lakini Fortnite, Valorant na matoleo ya karibuni ya EA Sports FC hayachezeki, kwa sababu programu zake za kuzuia udanganyifu haziikubali Linux. Na usijidanganye: kompyuta dhaifu kwa gemu kubwa itabaki dhaifu.

Tulifanyaje? Tuligawa diski. Windows imebaki na kipande kidogo, kwa ajili ya gemu lake la zamani la mpira, bila kuunganishwa na intaneti. Kazi, barua pepe na mambo ya benki vyote viko Linux. Kila tukiwasha, tunachagua. Yeye hakunyang'anywa mpira, mimi sikunyang'anywa amani, na mabati tutanunua.

Kama na wewe una mpango huo, usiufanye mwenzako akiwa kazini. Muulize kwanza: humu ndani una nini ambacho hakipatikani tena? Jibu lake linaweza kukushangaza.

Ile flashi ya ugomvi? Mume wangu ameifuta, akaweka nakala ya picha za mama mkwe wake. Kila Jumatatu anaondoka nayo kwenda Mikumi.