Umande Ndani ya Saa

Ramadhani ya mwaka 2022 ilinikuta Fort Ternan, huko Kericho kwenye nchi ya chai, kwa mpwa wangu anayesomesha. Nilipoamshwa kwa daku nikaitazama saa yangu ya mkononi, sikuona hata akrabu moja. Kioo kimejaa ukungu, na ukungu wenyewe uko ndani. Nilikipangusa kwa shuka, nikakipangusa tena, kama mwendawazimu.

Saa ile ni ya marehemu baba. Kwayo ndiko nilikojifunza kusoma wakati, nikirudi chuoni na msahafu kwapani. Wiki moja tu kabla ya safari nilimpa fundi wa Mombasa, akaifungua, akaisafisha, akaitia mafuta. Basi nikampata mkosa papo hapo.

"Fundi yule kanidhulumu," nilisema. "Kaifunga ovyo."

"Mjomba, huenda ni mvua," akasema mpwa wangu.

Nilimjibu kuwa mvua haikunigusa mkono. Simu yake ikatwambia wakati, tukafunga. Nami nikafunga kwa ulimi uliokwisha kusengenya.

Jua lilipopanda ukungu ukatoweka wenyewe. Usiku ukarudi. Na hapo ni Fort Ternan, msomaji wangu, ambako Dakta Louis Leakey alipata mifupa ya sokwe wa kale, akaitangaza mwaka 1962. Ina miaka kama milioni 14, ardhi imeihifadhi. Saa yangu haikumaliza nusu mwezi!

Niliporudi Mombasa nikaenda na maneno yangu tayari. Fundi hakujibizana. Aliiweka saa juu ya bamba la moto wa kiasi, digrii 40 na kitu, akangoja, kisha akadondosha tone la maji baridi juu ya kioo. Baada ya dakika moja akalipangusa. Pale lilipokuwa tone, ukungu ulikuwa umeganda kwa ndani.

"Mzee wangu, maji haya ni ya Mombasa," akasema. "Siku niliyoifunga mvua ikinyesha, na mlango wangu uko wazi."

Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko ya baridi. Hewa ya pwani ikifungiwa ndani ya saa, maji yake hayaonekani maadamu kioo kina joto. Ukipanda bara, mgongo wa saa umelalia ngozi, kioo ndicho kinachopoa kwanza. Umande ukashika hapo.

"Na ule mpira?" akaniuliza.

Nikanyamaza. Aliwahi kuniambia mpira mwembamba unaozunguka kifuniko umekauka, nami nikamwambia unafaa bado, kwa kuonea uchungu shilingi chache. Mpira ndio mlinzi. Rolex walipotoa saa yao ya Oyster mwaka 1926 walijivunia kufungika kwake, na mwaka uliofuata Mercedes Gleitze akaogelea nayo katika bahari baina ya Uingereza na Ufaransa. Hakufika ng'ambo siku ile, lakini saa ilitoka kavu. Mpira ukichakaa, ukungu hugeuka matone, na kutu haichelewi.

Akaifungua, akaiacha chini ya taa mpaka ikakauka, akatia mpira mpya. Nikamtaka radhi kwa niliyoyasema Fort Ternan.

"Uliyasema mbele ya nani?"

"Mpwa wangu."

"Basi mpigie simu na yeye," akasema, akanidai pesa ya mpira.