Je, Wajua? Mkate wa Krismasi Uliosubiri Ruhusa ya Papa

Je, wajua kwamba Stollen, mkate wa Kijerumani uliojaa zabibu kavu na kufunikwa kwa sukari nyeupe, ulianza kama chakula cha mfungo? Hati ya hospitali moja ya Dresden ya mwaka 1474 inautaja hivyo. Majuma ya Majilio, kabla ya Krismasi, yalikuwa ya kujinyima, na Kanisa lilikataza siagi na maziwa. Waokaji walibaki na unga, maji na mafuta ya mbegu, na mkate ukatoka mkavu usio na ladha.

Watawala wa Saxony, jimbo lenye mji wa Dresden, wakapeleka ombi Roma. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII aliruhusu siagi, ila atakayeitumia atoe malipo, na sehemu ya fedha hizo ilisaidia ujenzi wa kanisa kuu la Freiberg. Biashara hiyo ya vibali ilimuudhi Martin Luther, mwanamageuzi wa Kanisa. Mwaka 1520 aliwaandikia wakuu wa Ujerumani kwamba Roma inawalisha watu mafuta yasiyofaa hata kupaka viatu, kisha inawauzia haki ya kula siagi. Alikuwa na haki ya kukasirika: maskini alinyimwa kilichotoka kwa ng'ombe wake mwenyewe.

Je, wajua kwamba mwaka 1730 mtawala wa Saxony, August, aliyeitwa Mwenye Nguvu, aliagiza Stollen moja ya takriban tani 1.8 kwa ajili ya sherehe ya kijeshi? Tangu mwaka 1994 Dresden huikumbuka kila Desemba kwa kuoka Stollen kubwa na kuipitisha mitaani.

Leo siagi ni sharti. Kwa kila kilo ya unga, Stollen ya Dresden hutiwa siagi isiyopungua nusu kilo, zabibu gramu 650, maganda ya machungwa na malimau yaliyopikwa kwenye sukari gramu 200, na lozi gramu 150. Majarini ni marufuku. Tangu mwaka 2010 sheria ya Umoja wa Ulaya inalilinda jina hilo, na waokaji wa Dresden na viunga vyake tu ndio wanaoruhusiwa kulitumia.

Je, wajua kwamba familia nyingi za Saxony hazikuoka mkate huu nyumbani? Walibeba siagi, zabibu na lozi zao hadi kwa mwokaji, na kila donge likachomekwa kibati chenye jina, ili mtu asiondoke na mkate wa jirani. Katika Ujerumani Mashariki ya kikomunisti viungo vyenyewe viliadimika. Viwanda vikatengeneza mbadala wa maganda ya matunda kwa nyanya mbichi na karoti zilizolowekwa kwenye sukari. Ndugu wa Ujerumani Magharibi walituma vifurushi vya zabibu, lozi na maganda halisi, na Desemba ilipofika, posta ilirudisha Stollen zilizookwa kwa vitu hivyohivyo. Katika historia yote ya mkate huu, hakuna ninachokipenda kuliko safari hiyo ya kwenda na kurudi, kuvuka mpaka uliowatenga ndugu.

Kuuoka kunataka subira. Siagi nyingi huilemea hamira, kwa hiyo hamira huumuliwa kwanza kwa maziwa ya uvuguvugu na unga kidogo, siagi ikafuata baadaye. Zabibu hulala usiku kucha ndani ya ramu na huingizwa mwishoni, zisije zikapondeka na kulitia donge weusi. Mkate ukitoka tanurini ungali moto hupakwa siagi iliyoyeyushwa, kisha hunyunyiziwa sukari tele. Wengi huona umbo hilo jeupe kama mtoto Yesu aliyevishwa nguo za kitoto. Huhifadhiwa mahali pa baridi kwa majuma kadhaa, iliki, mdalasini na kungumanga vipate kuenea, kwa hiyo wanaoujua huoka Novemba. Na hawaanzi kuukata pembeni: hukata katikati, wakatoa vipande vya kuliwa, kisha wakazisukuma nusu mbili zilizobaki zikutane, ili sehemu iliyokatwa isikauke.